Mwandishi wa habari apime kwa mkono wake



Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye serikali ikaamuru mitaa mingi ya Goma ihame, maboti yalituletea ndugu zetu hapa Bukavu. Wazazi wengine walikuwa wamepotezana na watoto. Pamoja nao zilifika habari: eti ziwa litapasuka, eti gesi itatuua usingizini. Watoto walituuliza darasani kama ni kweli. Tulifungua redio, lakini mara nyingi tulisikia yale yale ya kwenye simu.

Hofu ile haikutoka hewani. Chini ya Ziwa Kivu kuna gesi nyingi: kabonidioksidi kilometa za ujazo 300 hivi, na methani karibu 60. Uzito wa maji ndio unaoishikilia, kama kifuniko kwenye chupa ya Fanta. Ziwa dogo la Nyos, huko Kameruni, lilitoa gesi yake Agosti 1986, watu karibu 1,700 wakafa. Lakini kujua kama ziwa letu limebadilika, lazima mtu ashushe chombo majini na kupima.

Kule Alaska, kwenye kituo cha utafiti cha Toolik, waandishi wa habari wamewahi kupelekwa kufanya kazi bega kwa bega na watafiti kwenye udongo ulioganda. Hawakwenda ili wawe wanasayansi. Walikwenda kuona namba inavyopatikana, na inavyoweza kukosea. Sisi walimu tunalijua hilo: mtoto aliyepanda maharage yake na kuyapima kila asubuhi hasahau somo.

Hapa kwetu hatuna haja ya barafu. Ziwa liko mlangoni, Lwiro kuna kituo cha utafiti, na Goma kuna wachunguzi wa volkeno. Hata neno letu mazuku, ile hewa ya mabondeni inayoua mbuzi na watu, watafiti wa dunia wanaliandika hivyo hivyo. Tunaziomba redio zetu ziwatume vijana, mabinti wakiwemo, wakae siku kadhaa na watafiti hao, washike vyombo, kisha watueleze kwa Kiswahili ambacho mama wa sokoni Kadutu anakielewa.

Nasi, habari ya ziwa ikiingia kwenye simu, tuulize: nani amepima? Lini? Wapi? Ikikosa majibu, tusimtumie jirani.