Jeneza la Ozzy na Foleni ya Leaders

Birmingham si mji wa kulia barabarani. Ndiyo maana Jumatano ile, tarehe 30 Julai 2025, nilipowaona wazee wenye ndevu za mvi na majaketi ya ngozi wamejipanga Broad Street huku machozi yakiwatiririka, nilijisemea moyoni: leo hawa wamekuwa sisi Watanzania. Gari la maiti la Ozzy Osbourne, mwimbaji wa bendi ya Black Sabbath, lilikuja taratibu nyuma ya bendi ya matarumbeta, na pembeni mwa jeneza maua ya zambarau yalisomeka OZZY. Likasimama kwenye daraja dogo la mfereji, lile waliloliita Black Sabbath Bridge, penye benchi lenye sura za wanabendi wote wanne. Mjane wake, Sharon, akashuka na watoto, wakatazama maua, kadi na popo wa kuchezea waliorundikwa pale, wakawanyoshea watu vidole viwili vya amani, wakarudi garini. Basi, imeisha. Mazishi yenyewe yalikuwa ya familia na walioalikwa.

Mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa hapa, aliniambia hajapata kuona msiba wa namna ile mjini kwao. Nikamwambia kwetu ungehesabiwa msiba mdogo, tena haujakamilika: jeneza halikufunguliwa, wasifu wa marehemu haukusomwa, na hakuna aliyekula. Alicheka. Mimi sikuwa natania.

Mwigizaji wa filamu Steven Kanumba alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 7 Aprili 2012, nyumbani kwake Sinza, wikiendi ya Pasaka. Alikuwa na miaka 28. Jumanne alikuwa ameshazikwa makaburi ya Kinondoni, na katikati hapo Dar es Salaam ilikuwa imesimama. Sisi wa nje tulifuatilia kwenye blogu, hasa ya Michuzi, tukifungua na kufungua tena kuona picha mpya. Viwanja vya Leaders vilifurika makumi ya maelfu ya watu. Waliozimia walibebwa mmoja baada ya mwingine. Makamu wa Rais, Dk. Mohamed Gharib Bilal, alikuwepo, na nyuma ya viti vya viongozi alikuwepo pia kila mtu mwingine unayeweza kumfikiria: kondakta, muuza maji ya kandoro, mama aliyefunga genge lake kwa sababu Uncle JJ wa filamu za Kanumba ndiye aliyemchekesha jioni baada ya kazi.

Kwetu hakuna anayeuliza mama huyo anamjua vipi marehemu. Kumuaga ni haki yake. Familia ikithubutu kusema msiba huu ni wetu peke yetu, mtaa mzima utataka kujua wanaficha nini. Huku ni kinyume chake. Mwimbaji George Michael alifariki siku ya Krismasi mwaka 2016, na uchunguzi wa kifo chake ukachukua muda hadi akazikwa tarehe 29 Machi mwaka uliofuata, makaburi ya Highgate, mbele ya watu wachache. Miezi mitatu! Jaribu kumweka msanii wa Bongo mochwari miezi mitatu uone kamati ya mazishi itakavyogawanyika, na vyombo vya habari vitakavyohamia getini. Mashabiki wa George Michael walifanya msiba wao kwenye bustani ndogo mbele ya nyumba yake ya Highgate: maua, mishumaa, picha, barua zilizofungwa kwa nailoni zisilowe mvua. Mwaka 2018 familia ikawaomba kwa heshima waviondoe, kwa kuwafikiria majirani. Wakaviondoa. Niliposoma habari ile sikujua nicheke au nisikitike.

David Bowie alikwenda mbali zaidi. Alifariki New York tarehe 10 Januari 2016, mwili ukachomwa bila ibada wala waombolezaji, kama alivyotaka mwenyewe. Brixton, alikozaliwa, watu walikuta hakuna pa kwenda isipokuwa kwenye picha yake kubwa iliyochorwa ukutani mkabala na kituo cha treni. Jioni ya siku habari ilipotoka wakaimba pale mpaka usiku. Baadaye picha ikawekewa kinga ya plastiki ngumu. Tangu hapo kampuni za mazishi huku zinatangaza hadi kwenye televisheni huduma ya kuchoma mwili bila msiba, na wazee wengi wanalipia mapema kabisa wasije wakawasumbua watoto. Bibi yangu nilimweleza jambo hili kwa simu. Aliuliza, "Sasa hao watoto wanajuaje kama mtu amekufa kweli?"

Kwa hiyo kama swali ni nani anajua kuzika, sina shaka jibu langu ni lipi. Bi Kidude alipofariki Aprili 2013, Rais Kikwete na Rais Shein wa Zanzibar walisimama kwenye kaburi la mwanamke aliyeimba taarabu na kupiga ngoma ya unyago, na pamoja nao walikuwepo wanakijiji wasio na kadi ya mwaliko. Ulaya ukipewa heshima ya namna hiyo unawekwa nyuma ya uzio.

Tatizo letu linaanza turubai likishang'olewa.

Septemba 2025 jumba la makumbusho la V&A lilifungua kituo cha David Bowie mashariki mwa London. Ndani mna vitu vyake zaidi ya 90,000: mavazi, ala, barua, mashairi ya nyimbo kwa mwandiko wake na makosa aliyoyakata. Kuingia ni bure. Unaweza hata kuagiza mapema kwa mtandao kitu unachotaka, ukifika ukaonyeshwa kwa karibu. Mtu aliyeondoka bila kuagwa amewekewa kila karatasi.

Nilipoingia mle nilimfikiria Mzee Muhidin Gurumo. NUTA Jazz, Mlimani Park, Safari Sound, Msondo Ngoma: ukitaka kuieleza dansi ya Tanzania lazima upite kwake. Alistaafu mwaka 2013 baada ya zaidi ya miaka 50 jukwaani, na ikajulikana kuwa kazi yote hiyo haijampa hata gari. Diamond Platnumz akamzawadia moja mwaka huohuo, kwenye uzinduzi wa video ya Number One, mbele ya kamera. Wapo waliosema ni kiki. Mimi nasema mzee alipanda gari akiwa hai, hayo mengine ni maneno. Aprili 2014 alifariki.

Lakini gari si mirabaha. Bendi za zama zake ziliingia studio za Redio Tanzania, zikarekodi, mkanda ukabaki kituoni na wanamuziki wakarudi ukumbini kutafuta nauli. Watunzi wa huku kila wimbo ukipigwa redioni au baa kuna shirika linalokusanya chao, na haki hiyo inaendelea kwa warithi miaka 70 baada ya kifo. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 nayo si mbaya: inampa mtunzi maisha yake na miaka 50 juu. Maana yake warithi wa Mzee Gurumo wana haki kwenye tungo zake mpaka mwaka 2064. COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, iligawa mirabaha ya nyimbo zinazopigwa redioni mwaka 2022. Tulikuwa tumeshawazika wangapi?

Kwenye filamu ni pabaya zaidi, kwa sababu wengi waliuza filamu moja kwa moja kwa msambazaji, fedha mkononi na haki zote zikaondoka. Mwaka 2018 mchekeshaji King Majuto alipokuwa akiumwa, na nchi nzima ikichangishana matibabu huku wengine wakimzushia kifo, Waziri Harrison Mwakyembe aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki Agosti ile, akazikwa kwao Tanga, na umati ukawa ule tunaoujua. Vichekesho vyake vingali vinatazamwa YouTube kila siku. Nani anavuna, hilo muulize aliyevipandisha.

Watanzania wenzangu wa huku hupenda kumalizia hapa kwa kusema Wazungu wanajua kutunza na sisi tunajua kulia. Naona hawajatazama vizuri. Hazina ya Bowie imetunzwa kwa kuwa Bowie mwenyewe alikuwa anatunza, na alikuwa na fedha na watu wa kumtunzia. Birmingham hii imejaa wapiga gitaa wa baa ambao kanda zao zilitupwa na wapangaji waliohamia baada yao. Tena Ozzy walimfanyia jambo ambalo ningependa tuliige kabla ya makumbusho yoyote: tarehe 5 Julai, siku 17 kabla hajafa, alikaa kwenye kiti kama cha enzi uwanjani Villa Park, mtaani alikokulia, akaimba, akaimbiwa, akaona kwa macho yake watu wanavyompenda. Makumbusho ya jiji tayari yalikuwa na maonyesho yake. Mapato ya tamasha yakaenda kwa wagonjwa. Maua yake alipewa ananusa.

Majuzi kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa Midlands ilikuja taarifa ya msiba wa mpiga besi wa bendi moja ya Dar, ambaye wengi wetu tuliucheza muziki wake ujanani bila kulijua jina lake. Michango ikaanza. Nikapendekeza sehemu ya rambirambi itumike kutafuta rekodi zake na kuziweka mahali salama kwa jina la watoto wake. Mweka hazina wetu, dada mwenye busara kuliko mimi, akajibu kwa sauti: "Kaka, wazo zuri, ila kwanza watu wale. Pilau haisubiri hakimiliki." Nikatuma mchango wangu kama wengine, na kwa kweli sioni kama alikosea.

Baada ya arobaini kijana wa marehemu alinipigia. Alikuwa amekwenda studio walikorekodi mara ya mwisho, akaambiwa kompyuta ile ilishafomatiwa. Kilichobaki ni kaseti sita kwa shangazi yake Buza, mbili zimeandikwa kwa mkono tarehe na majina ya waliopiga. Deki ya kuzichezesha hawana. Jamaa yetu mmoja wa Coventry anayo, inafanya kazi, na kijana wake anajua kuhamishia muziki kwenye kompyuta. Tumemwomba shangazi, amekubali, ila ametaka aandikiwe karatasi kwamba kaseti ni azima tu, na amedai sahihi za watu wawili. Karatasi nimeshaiandika. Sasa tunamtafuta anayerudi huku mwezi wa kwanza mwenye nafasi kwenye begi la mkononi, maana kwenye begi la kupakia hatuthubutu.