Yule "mwanadada" wa Malice Mizer

Wadau, leo naanza na kuungama.

Miaka michache iliyopita, nikiwa bado mchanga kwenye meza ya burudani, nilipewa ukurasa wa bendi za nje zilizowahi kutamba. Nikatoa kwenye intaneti picha ya kundi moja la Kijapani, Malice Mizer. Mmoja wao alikuwa na gauni la marinda, nywele za mawimbi, midomo imepakwa rangi. Nikaandika chini ya picha: "Mwanadada mrembo wa kundi hilo akiwa katika pozi." Gazeti likaenda mtamboni.

Kesho yake asubuhi msomaji mmoja akapiga simu. "Kijana wangu, huyo ni mwanaume." Chumba kizima kilicheka, na jina la "Mwanadada" likanikaa mimi kwa miezi kadhaa.

Kinachoniuma ni kwamba Kiswahili hakikunilazimisha kukosea. Kiingereza kingenibana nichague, wa kike au wa kiume. Kiswahili kinasema "amevaa gauni" na maisha yanaendelea. Nilikuwa na njia ya kuandika nilichokiona, nikaongeza la kwangu.

Basi nikaamua kuandika makala nzima, kujisafisha. Huyo mtu anaitwa Mana, mpiga gitaa, na yeye na mwenzake Közi ndio walioanzisha bendi hiyo mwaka 1992. Yuko katika mkondo ambao Wajapani wanauita visual kei, wanamuziki wa roki wenye vipodozi na mavazi ya ajabu, uliopata nguvu kupitia X ya kina Yoshiki na hide miaka ya 1980. Mana hupanda jukwaani kama malkia wa Ulaya ya kale. Cha ajabu zaidi, huwa haongei hadharani. Kwenye mahojiano anamnong'oneza mwenzake, mwenzake ndiye anasema. (Mwandishi wa habari ukipangiwa huyo, pole yako.) Mwaka 1999 akafungua chapa yake ya nguo, Moi-même-Moitié, na wasichana wa Japani wakawa wananunua magauni yaliyobuniwa na mwanaume anayeyavaa mwenyewe. Hapo nani anamwiga nani?

Nikampelekea mhariri. Akasoma hadi mwisho, akavua miwani.

"Dogo, huyu ni shoga au siyo?"

"Sijui, mkubwa. Hajasema."

"Sasa habari iko wapi?"

Makala ikaishia kwenye droo. Nilinuna, lakini swali lile halikuniacha, maana hata wanaowatetea wasanii hawa hulikwepa kwa kukimbilia kabuki: "Ni utamaduni wao, wanaume wao wamecheza kike tangu zamani." Ni kweli, ila mnajua ilikuwaje? Aliyeanzisha kabuki, karibu mwaka 1603 kule Kyoto, ni mwanamke, Okuni. Mwaka 1629 serikali ya shogun ikawapiga marufuku wanawake jukwaani. Wakaingia vijana wa kiume, nao wakafungiwa mwaka 1652. Wakabaki wanaume wazima, na hapo ndipo sanaa ya onnagata, mwanaume anayeigiza mwanamke, ikakua. Bando Tamasaburo, bingwa wa kazi hiyo, alitangazwa hazina hai ya taifa mwaka 2012. Heshima kubwa. Lakini mlango ule ulifunguliwa kwa kuwafungia wengine nje.

Mtu aliyenifundisha zaidi ni Miwa Akihiro. Alizaliwa Nagasaki mwaka 1935, bomu la atomiki likamkuta hapo hapo akiwa na miaka kumi. Mwaka 1957 alipata umaarufu kama mwimbaji, kijana mzuri wa sura hadi watu wakababaika. Kisha akasema wazi kwamba anapenda wanaume, na umaarufu ukaporomoka. Urembo walikuwa wameushangilia. Maneno yale ndiyo hawakuyasamehe. Alirudi taratibu. Mwaka 1968 aliigiza mwizi wa kike wa vito katika filamu ya Black Lizard, na waliotazama Princess Mononoke ya mwaka 1997 wanaijua sauti yake: ni yule mbwa mwitu Moro.

Tarehe 31 Desemba 2012, akiwa na miaka 77, aliimba kwa mara ya kwanza kwenye Kohaku, shindano la NHK la mkesha wa mwaka mpya, ambalo wanawake ni timu nyekundu na wanaume nyeupe. Wakamweka nyeupe. Watu walizoea nywele zake za njano na magauni. Akatokea na nywele nyeusi, nguo nyeusi, peke yake, akaimba utunzi wake wa miaka ya 1960 kuhusu mtoto anayechekwa shuleni kwa sababu mama yake ni kibarua wa ujenzi, anavuta kamba pamoja na wanaume. Niliitazama video hiyo usiku, kimya, nikairudia.

Mhariri wangu ameshastaafu. Rasimu ninayo bado. Nimebadilisha maneno ya chini ya picha tu: "Mana, mpiga gitaa wa Malice Mizer, amevaa gauni."