Kuficha maradhi si subira



Kwa miezi saba nilimjibu kila aliyenijulia hali kwa neno moja: sijambo. Nilimjibu hivyo imamu wetu, nikamjibu hivyo mama yangu na mke wangu, na hata daktari aliyekuwa ameshika kalamu akisubiri kuandika. Leo naandika kwa sababu neno lile halikuwa kweli, na kwa sababu nina yakini kwamba katika nyumba zetu yupo mtu aliyelitamka asubuhi ya leo huku ameshikilia ukuta asianguke.

Mwaka juzi nilipanda bodaboda kutoka Tarime kwenda Mugumu, wilayani Serengeti, kuhudhuria maziko. Tulipita Nyamwaga na Nyamongo, tukavuka Mto Mara. Mbele kidogo ng'ombe wakakatiza njia. Dereva alikanyaga breki, pikipiki ikateleza kwenye changarawe, nasi tukaanguka. Dereva alikuwa amevaa helmeti. Mimi abiria nilikuwa nimevaa kofia yangu ya darizi. Yeye aliumia mkono, mimi nikapoteza fahamu. Walioniokota walinieleza baadaye kuwa nilipozinduka niliuliza swali moja mara tatu, nikijibiwa na kusahau: "Maiti ameshazikwa?"

Nilishonwa jeraha, kisha nikapelekwa Mwanza kupigwa picha ya kichwa. Haikuonekana damu wala mfupa uliovunjika. Nikarudi nyumbani na habari njema: picha ni safi. Kwangu mimi picha safi ilikuwa na maana ya mtu mzima, na jeraha lilipopona sikuwa na alama ya kumwonyesha mtu.

Lakini kila nilipogeukia ubavu wa kushoto kitandani, chumba kilizunguka. Nilipoinuka kutoka kwenye sijida, msikiti ulizunguka. Alfajiri, kabla mwanga haujatoka, nilikwenda msikitini nikipapasa ua za majirani. Kipaza sauti kilinipasua kichwa. Mchuzi uliungua jikoni nami nimekaa mlangoni, nisisikie harufu yoyote. Niliwakaripia watoto kwa mambo madogo, kisha nikajuta.

Kwa nini sikusema? Sababu zilikuwa tatu. Ya kwanza ni malezi. Sisi tuliokulia Tarime tunajua kijana anavyotazamwa siku ya jando: hatakiwi kupepesa jicho. Anayejifunza hivyo utotoni huona haya, akiwa mtu mzima, kusema kuwa kitanda kinamzungusha. Ya pili ni kuielewa vibaya subira. Nilidhani anayetaja maumivu yake amepungukiwa na imani. Ya tatu, iliyo nzito kuliko zote, ni hofu. Mimi ni katibu. Daftari la msikiti liko mikononi mwangu, na sadaka ya Ijumaa naihesabu mimi. Nani atamwachia amana mtu ambaye kichwa chake hakijatulia?

Allah (s.w.t.) akataka hofu ile ile inifichue. Ijumaa moja niliandika sadaka kuwa Sh 187,000. Mtunza hazina alipohesabu alipata 178,000. Hakuna aliyesema neno, na ukimya ule ulinichoma kuliko tuhuma. Jioni nilimpelekea shilingi elfu tisa kutoka mfukoni mwangu ili jambo lizikwe. Kumbe hakuna pesa iliyopotea! Nilikuwa nimegeuza tarakimu tu. Nilichokifanya ni kuficha kosa la ugonjwa kwa njia ambayo mwizi naye angeitumia.

Wiki iliyofuata, katika swala ya Isha, niliinuka kutoka sijida ya pili nikamwangukia mzee aliyekuwa kulia kwangu. Nje, vijana wawili walikuwa wakinong'ona, na mmoja akainua mkono mdomoni kama anayekunywa chupa. Mwanangu wa miaka tisa aliona. Tulipofika nyumbani akaniuliza, mama yake akisikia: "Baba, kwani wewe unakunywa?"

Sikuwa na jibu. Mke wangu ndiye aliyejibu. Alikwenda chumbani akarudi na daftari la shule. "Baba watoto," akasema, "tangu ajali hujalala ubavu wa kushoto hata usiku mmoja. Nimeandika humu kila siku uliyoyumba, kila ulichosahau, na kila usiku uliokesha. Nilingoja useme mwenyewe. Sasa mtoto ameuliza, sitangoja tena."

Tukapanda basi pamoja hadi Mwanza, kupitia Bunda, Lamadi na Magu. Daktari akauliza hali yangu. Ulimi ukaanza wenyewe: "Sijambo, alhamdulillah." Mke wangu akaweka daftari mezani.

Daktari alilisoma lote. Kisha akaniketisha kitandani, akakigeuza kichwa changu kushoto, akanilaza chali kwa haraka huku akinitazama machoni. Chumba kikazunguka, na macho yangu, alisema, yakawa yanachezacheza. Akatueleza kuwa ndani kabisa ya sikio kuna vijiwe vidogo mno vya chokaa vinavyotusaidia kuhisi mwendo na mkao wa kichwa. Pigo la kichwa laweza kuving'oa vikaingia kwenye mifereji isiyo yake, na kila kichwa kinapoinama au kugeuka, vikaudanganya ubongo kuwa mwili unazunguka. Akakigeuza kichwa changu hatua kwa hatua, akisubiri kidogo kila hatua, ili vijiwe virudi mahali pake. Alirudia, kisha siku nyingine akarudia tena. Kizunguzungu cha sijida, nilichokibeba miezi saba, kikaondoka bila kidonge hata kimoja.

Yaliyobaki hayakuondoka upesi hivyo. Nilifundishwa kwamba picha huonyesha damu na mifupa, lakini ubongo uliotikiswa waweza kuonekana mzima pichani huku kazi yake imevurugika: usahaulifu, hasira, kuumizwa na mwanga na kelele, usingizi mbovu, kupotea kwa harufu. Nilipewa mazoezi ya kusimama miguu ikiwa pamoja, na ya kutembea kando ya ukuta kisigino kikigusa kidole. Nami natoa tahadhari: si kila kizunguzungu ni cha vijiwe, na shingo iliyoumia haichezewi. Msigeuzane vichwa nyumbani kabla ya kupimwa.

Niliporudi nilimweleza imamu kila kitu. Akanikumbusha niliyoyasoma chuoni na kuyafundisha madrasa. Imran bin Huswain (r.a.), aliyekuwa na bawasiri, aliruhusiwa na Mtume (s.a.w.) kuswali kwa kukaa akishindwa kusimama, na kwa ubavu akishindwa kukaa. Mtume mwenyewe alipoanguka kutoka kwenye farasi na kuumia, aliswali ameketi. Na Nabii Ayyub (a.s.), ambaye Qur'an inamtaja kwa subira, alimweleza Mola wake dhara iliyompata. Kumbe kueleza dhara hakumtoi mtu katika subira. Masuala haya niliwahi kuyajibu kwenye mtihani nikafaulu. Kuyatenda ndiko kulikonishinda. Siku ya kwanza nilipokaa kwenye kiti mwisho wa safu, niliona uzito kuliko siku niliyoanguka.

Kisha nikaiambia kamati, pamoja na habari ya zile elfu tisa. Nilikuwa tayari kuvuliwa ukatibu. Mzee mmoja akataja aya ya 282 ya Suratul Baqara, ile ndefu kuliko zote, inayoamrisha deni liandikwe na mashahidi wawepo. Akasema aya hiyo hiyo imemkumbuka aliye dhaifu asiyeweza kuandikisha mwenyewe, ikampa wa kumsimamia. Hivyo sadaka ikawa inahesabiwa na wawili, wa tatu akishuhudia, nami naandika. Amana ikawa salama zaidi kuliko nilipokuwa mzima.

Sijapona kabisa. Jioni nikichoka bado nayumba, na harufu haijarudi. Lakini wale vijana wawili wamejua sababu, na mwanangu hunishika mkono tukienda Alfajiri, tochi ikiwa kwake.

Ndugu msomaji, abiria wa bodaboda naye ana kichwa. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikuta kuwa helmeti hupunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Mtu akiumia kichwa, kisha akatapika mara kwa mara, akazidiwa na maumivu, akapata degedege, akalegea upande mmoja au akawa mgumu kuamka, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Na akionekana amepona, usiridhike na "hujambo". Swali hilo lina jibu lake tayari, na wenye lugha hutwambia kuwa asili yake ni kukana: sina jambo. Muulize analalia ubavu gani, anainukaje kutoka sijida, na kama amesikia harufu ya chakula. Kisha nyamaza umsikilize.

Mimi sasa nikiulizwa hali hujibu, "Alhamdulillah, ila leo kichwa kinanisumbua." Shukrani haijapungua kwa hilo. Tumwombe Allah awaponye wagonjwa wetu, wanaosema na wanaonyamaza. Amin.

Wabillahi tawfiq.