Fimbo ya Mrefu Haipimwi Utosini

Sheffield, Uingereza

Mpwa wangu,

Mama yako ananiambia kwamba tangu uanze snuka huko Nairobi husikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Ujumbe wako nao nimeupata: "Anko, niletee fimbo ndefu kuliko zote zilizopo dukani, si unajua urefu wangu." Naujua, tangu siku uliyoanza kuinama mlangoni kwa bibi yako. Fimbo bado sijanunua. Sababu nitakupa, ila kwanza pokea habari za safari.

Kutoka London nilipanda treni kituo cha St Pancras, na baada ya saa mbili hivi nikawa Sheffield. Ni mji wa vilima, unapanda na kushuka kama uko Lushoto. Zamani ulisifika kwa chuma cha pua, na visu na vijiko vyake vilisambaa dunia nzima. Siku hizi watu wa mchezo wako wanaujua kwa sababu ya ukumbi wa maigizo uitwao Crucible, ulio kwenye uwanja wa Tudor Square. Ulifunguliwa mwaka 1971, na tangu 1977 ndimo yanamofanyika mashindano ya dunia ya snuka, kwa kawaida majira ya kuchipua, na siku hizi huchukua siku 17 mfululizo.

Nilidhani nitakuta jengo kubwa la kutisha. Kumbe viti havifiki hata 1,000, na watazamaji wamelizunguka jukwaa pande tatu, karibu kabisa na meza. Raundi za mwanzo huchezwa kwenye meza mbili zilizotenganishwa na ukuta mwembamba. Ikifika nusu fainali ukuta unaondolewa, inabaki meza moja. Ukimya wake utaushangaa. Wengi wamevaa visikilizio masikioni wanamsikiliza mtangazaji, na ukikohoa unatazamwa. Humo humo Ronnie O'Sullivan alifikisha pointi 147 kwa zamu moja mezani mwaka 1997 kwa dakika tano na ushei tu, na humo Zhao Xintong akawa Mchina wa kwanza kuwa bingwa wa dunia, mwaka 2025.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye fimbo, kwa ajili yako. Wachezaji wanapishana kimo, mwingine mrefu, mwingine mfupi, lakini fimbo zao ukizitazama kwa mbali karibu zote zinalingana. Meza nayo ni ile ile kwa wote: futi 12 kwa 6, na kimo cha sentimita 86 hivi kutoka sakafuni. Haimwinukii mrefu wala haimwinamii mfupi. Hapo ndipo ombi lako lilipoanza kunitia shaka.

Kesho yake nikaelekezwa kwenye klabu moja ya zamani. Unapanda ngazi nyembamba, unatokea ukumbini penye giza na meza zilizoangaziwa taa kwa juu. Pembeni kuna chumba kidogo cha fundi wa fimbo, kinanuka vumbi la mbao na gundi. Ukutani zimepangwa fimbo za mti uitwao ash, ambao ukiukazia macho unaona nyuzi za mbao zimechora vishale vinavyofuatana kuelekea nchani. Wachezaji huvigeuza vishale hivyo vitazame juu kila wanapoinama, ili fimbo ikae mkononi vilevile siku zote. Kitako ni cha mbao nyeusi ambayo ungedhani ni mpingo wetu, na nchani kuna pete ya shaba iliyobeba kipande cha ngozi chenye upana wa milimita 9 na nusu hivi.

Nikamwambia fundi: mpwa wangu ana futi sita na inchi nne, nipe ndefu kuliko zote. Hakusogea kwenda ukutani. Akauliza, "Mikono yake ikoje? Na akiinama anasimamaje?" Nikabaki sina jibu. Akaangalia ukumbini, akamwita kijana mmoja aliyekuwa akifanya mazoezi peke yake, mrefu kama wewe au amekuzidi kidogo.

Kijana akainama kama anayetaka kupiga. Fundi akasimama ubavuni kwake na kuchuchumaa kidogo. Alichokitazama ni mkono wa nyuma, kuanzia kiwiko hadi kiganja. Akanieleza kwamba ncha ya fimbo inapokaribia kugusa mpira mweupe, sehemu hiyo ya mkono inatakiwa ining'inie wima, bila kwenda mbele wala kurudi nyuma. Kisha ndipo unaangalia kiganja kimeshika wapi. Cha kijana yule kilikuwa kimefika mwisho kabisa wa kitako, kidole kidogo kinaelea hewani. Fimbo ya inchi 58 ilikuwa fupi kwake, hapo hapabishaniwi.

Lakini fundi hakumpa nyingine ndefu. Alichukua kipande kifupi cha kuongezea, akakikaza kwa skrubu nyuma ya kitako, akamwambia piga. Sasa nyuma ya kiganja kulikuwa na mbao kiasi cha vidole vinne. Kijana akaupiga mpira wa buluu moja kwa moja hadi shimoni, akaurudisha mahali pake, akaupiga tena. Hata mimi nisiyejua kitu niliona mkono unakwenda na kurudi bila kusitasita.

Nikauliza kwa nini asinunue tu ya inchi 60. Fundi akasema anaweza, na wapo warefu wanaozitumia. Sheria zinakataza fimbo iliyo chini ya futi tatu, basi. Urefu wa juu hazikuuwekea mpaka. Fimbo nyingi za madukani ni inchi 57 au 58, yaani sentimita 145 hadi 147, na kwa waliopita futi sita na inchi mbili wauzaji hupendekeza 59 au 60. Tatizo ni kwamba fimbo ikirefushwa upande wa mbele, uzito nao unahamia mbele, mpaka fundi aisawazishe upya kwa kuongeza uzito kitakoni. Isiposawazishwa, utaisikia ncha inakuelemea, na mkono utaanza kuibana. Kwa anayeanza mchezo hakuna ugonjwa mbaya kuliko kuibana fimbo.

Utasikia pia watu wakisema isimamishe fimbo sakafuni, ikikufika kati ya kwapa na bega inakufaa. Ni kipimo cha haraka, si kibaya, lakini watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kupishana sana urefu wa mikono. Halafu cha kuchekesha ni kwamba hata mtu wa futi sita na inchi nne, fimbo ya inchi 58 humfika kwapani au karibu na hapo. Kwa hiyo kwa kipimo hicho hicho huenda huna shida uliyodhani unayo.

Kilichonizuia kufungua pochi ni hiki. Mchezaji mrefu anayeanza huwa bado hajajua kusimama. Meza iko chini, yeye yuko juu, basi anainama nusu, mgongo ukiwa juu juu na kidevu mbali na fimbo. Ukimpima katika hali hiyo, utamnunulia fimbo ya mkao ambao baada ya muda atauacha. Atakapojifunza kutanua miguu, kukunja goti la mbele na kushuka mpaka kidevu kiiguse fimbo, kiganja kitahama, na kipimo kitahama nacho. Kwa hiyo tafuta mkao kwanza. Mrefu akishajua kushuka ana faida: anaifikia mipira ambayo wengine wanaiendea kwa fimbo ya msaada, mradi mguu mmoja ubaki sakafuni kama sheria inavyotaka.

Ninachokusudia kukununulia, basi, ni fimbo ya inchi 58 yenye tundu la skrubu kitakoni, pamoja na kipande chake cha kuongezea. Vyote vitoke kwa fundi mmoja, kwa kuwa skrubu za watengenezaji tofauti mara nyingi haziingiliani. Mkao ukitulia na ukaona kipande hicho hukiondoi kamwe, hapo ndipo uagize ndefu ya kudumu, iliyosawazishwa kwa ajili yako.

Kuhusu muungo wa vipande vya fimbo, nitachukua ile inayokatika katikati. Wengi huku wanapenda inayokatika robo ya nyuma, lakini kipande chake cha mbele kina zaidi ya mita moja, na sanduku langu halikimezi. Iliyokatwa katikati inalala sandukuni na nguo. Stephen Hendry, bingwa wa dunia mara saba, alipoteza fimbo yake ya miaka mingi mwaka 2003 ilipovunjika kwenye mizigo ya ndege. Sitaki yako ianze na mkosi huo. Nawe ukiipokea, usiiache ndani ya gari juani, mbao itapinda.

Sasa nina kazi ya kukupa. Leo au kesho ukiwa klabuni, mwombe mwenzako akupige picha ukiwa umeinama mezani, ncha ikikaribia mpira mweupe. Asimame ubavuni, upande wa mkono unaoshika kitako, simu iwe usawa wa kiwiko chako, na fimbo yote ionekane. Usijipange kwa ajili ya picha, inama unavyoinama siku zote. Niandikie pia inchi za fimbo unayoazima hapo. Nitampelekea fundi, na atakachosema ndicho nitakachonunua.

Msalimie mama yako, mwambie masomo yako nami nayaulizia.

Ni mimi,
Mjomba wako