Kona ya Sentimita 36

Meza ya sebuleni kwetu ina upana wa sentimita 80, na kipimo hicho ndicho kinachoamua mengine yote. Treni ndogo za kipimo cha HO, ambazo zimepunguzwa mara 87, hupita kwenye reli zilizoachana kwa milimita 16.5. Kona kali ya kawaida katika seti za Märklin ina nusukipenyo cha milimita 360. Duara zima linakula sentimita 72; ukiongeza mataruma na nafasi ya mabehewa kutokeza pembeni, meza imekwisha. Ikuze kona hiyo mara 87, unapata mita 31 tu. Treni ya kweli ya njia kuu haipindi hapo.

Yetu inapinda. Ili ujue kwa nini, litazame gurudumu. Upande wa ndani lina ukingo wa chuma uliochomoza, ambao baba anauita flanji, unaolizuia kutoka relini. Magurudumu mengi yakifungwa kwenye fremu moja ngumu, yenyewe yanataka kwenda mbele, reli inataka yageuke. Injini niliyoipata Gikomba, kwenye katoni la mitumba ya vitu vya watoto, ni ya Kijerumani na ina jozi tano za magurudumu ya kuendesha. Baba aliigeuza juu chini, akanionyesha kwa ukucha jozi ya katikati. Haina flanji.

"Haikuharibika hii, mama," akasema. "Imeachiwa icheze."

Si ujanja wa vitu vya kuchezea peke yake. Evening Star, injini ya mwisho ya mvuke kuundwa kwa ajili ya shirika la reli la Uingereza mwaka 1960, ilikuwa na jozi tano vilevile, na ile ya katikati haikuwa na flanji.

Baba alianza kazi ya fayamani mwaka 1974, kwenye injini za daraja la 59 zilizovuta mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi, kutoka usawa wa bahari mpaka zaidi ya mita 1,600. Ziliundwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mount Gelai bado imesimama kwenye makumbusho ya reli hapa Nairobi. Zilichoma mafuta, si makaa, na kila moja ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 31. Maana yake, kama ningekuwa na mfano wake wa HO, ungekuwa mrefu sawa na nusukipenyo cha kona yangu.

Tangu mama afariki, baba anaishi nami. Nilimtoa Mazeras kwa sababu ya presha na kliniki, nikampa chumba cha kulala, nami nikahamia kwenye kochi. Yeye huamka saa kumi alfajiri kama mtu mwenye zamu, anawasha redio. Mimi hulala saa saba usiku, kazi yangu ikiisha. Anataka kurudi Mazeras, kwenye minazi yake na kaburi la mkewe. Mimi nataka awe karibu na daktari. Kwa miezi mitano tulizungumza jambo hilo kwa maneno yaleyale, kila mtu amekaza fremu yake.

Kitu kilichotuweka pamoja bila kugombana ni meza. Hapo ndipo aliponieleza Garratt. Herbert Garratt, mhandisi Mwingereza, alisajili ubunifu wake mwaka 1907, na injini za kwanza zilikwenda Tasmania mwaka 1909. Badala ya kuweka boila juu ya magurudumu, aliyagawa magurudumu katika mikokoteni miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kisha akaitundika boila katikati kwa viungo vinavyozunguka. Kwenye kona, reli ni uta na boila ni ugwe wake. Mikokoteni inafuata mpindo, boila inakatiza kwa ndani, na uzito unaegemea upande ulio salama. Ndiyo maana injini ndefu kiasi kile iliweza kupanda kona za Mazeras, mahali ambapo njia inajizungusha na kupita juu yake yenyewe.

Sisi hatuna Garratt. Tuna ile ya Kijerumani, ambayo kwenye kona pua yake inatokeza nje sana hata ikaangusha nguzo ya ishara niliyoiunda kwa vijiti vya meno. Baba aliihamisha nguzo. Kisha akatazama pale njia inapotoka kwenye kona na kupinda upande wa pili papo hapo ili kuingia stesheni, mahali mabehewa yalipokuwa yakisukumana na kuanguka. Akachomeka kipande cha reli iliyonyooka, urefu wa behewa moja, kati ya kona hizo mbili.

"Behewa linyooke kwanza," akasema, "ndipo uliombe ligeuke tena."

Wiki ile sikumwambia habari za daktari, wala yeye hakutaja minazi. Jumapili iliyofuata ni yeye aliyeanza: wiki sita Mazeras, wiki mbili Nairobi, kliniki katikati ya hizo mbili. Nikaongeza mashine ya kupima presha, na binamu yangu wa Mazeras awe akinitumia vipimo kila asubuhi. Akakubali. Sijui kama itatosha. Presha haijali mapatano yetu.

Aliondoka juzi kwa treni ya SGR. Kabla ya hapo aliniachia maagizo mawili: nipunguze mwendo kabla ya kona, si ndani yake, na redio nisiihamishe stesheni.