Malango Juu ya Mkondo

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu tunataja ngoma, mashairi, mavazi na mapishi. Michezo huja mwisho, na ustadi wa watu katika kazi zao za kila siku pengine hautajwi kabisa. Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu. Sisi wenyewe tumekula mshahara wa serikali miaka mingi katika shughuli za utamaduni, na kosa tutakalolisimulia hapa ni letu. Lakini kabla ya kulikiri, hapana budi tueleze kwanza habari ya nchi moja ya mbali, maana ndiyo iliyotufumbua macho.

Nchi hiyo ni Slovakia. Iko katikati ya Ulaya, haina bahari, na watu wake hawafiki milioni 6. Ilikuwa sehemu ya Chekoslovakia mpaka mwisho wa mwaka 1992, ikawa taifa la peke yake tarehe 1 Januari, 1993. Miaka mitatu na nusu baadaye, katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta, kijana wa miaka 17 aitwaye Michal Martikán alipiga magoti ndani ya mtumbwi katika mto Ocoee, huko Marekani, akateremka nao na kuwapita mabingwa waliomzidi umri. Nishani yake ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa taifa lile jipya. Bendera iliyokuwa bado ngeni machoni mwa watu wengi ilipandishwa kwa kazi ya kafi.

Mchezo wenyewe huitwa slalomu ya mitumbwi. Mchezaji huteremka katika maji ya kasi, yanayopiga mawe na kurudi kwa povu, naye hupita katika malango yaliyoning'inizwa juu ya mto. Aghalabu lango ni fito mbili. Malango ya kijani na nyeupe hupitwa kwa kufuata mkondo. Ya nyekundu na nyeupe hupitwa kwa kuupanda, yaani mtu akiisha kuteremka hana budi ageuze chombo na kurudi juu dhidi ya maji. Agusaye ufito huongezewa sekunde 2, na akosaye lango huongezewa sekunde 50. Wengine huketi katika kayaki, wakishika kafi lenye mabapa mawili. Wengine hupiga magoti, wakishika kafi lenye bapa moja. Basi mwenye nguvu peke yake hashindi, wala mwenye haraka peke yake hashindi. Hushinda yule ajuaye mahali maji yanapokwenda kabla hayajafika huko.

Baada ya Atlanta, Waslovakia hawakurudi nyuma. Ndugu mapacha, Pavol na Peter Hochschorner, walitwaa dhahabu ya mtumbwi wa watu wawili mwaka 2000 huko Sydney, wakaitwaa tena Athens mwaka 2004, na mara ya tatu Beijing mwaka 2008. Bibi Elena Kaliská alishinda katika kayaki ya wanawake mwaka 2004 na 2008. Huko Beijing dhahabu zote tatu za taifa hilo zilitoka katika mchezo huu mmoja. Mwaka 2016, Ladislav na Peter Škantár, watoto wa ndugu, walishinda Rio de Janeiro. Ukihesabu kuanzia mwaka 1996 hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024, mchezo huu umewapatia nishani 16: dhahabu 8, fedha 4 na shaba 4. Na dhahabu zote za Slovakia katika Olimpiki za kiangazi za miaka hiyo, kwa michezo yote, ni 10 tu.

Mtu akisikia hesabu hiyo atasema ni muujiza. Sisi pia tulisema hivyo, maana washairi tunapenda miujiza. Lakini ukichungulia chini ya muujiza huona kazi. Mto Váh unapita katika mji wa Liptovský Mikuláš, na hapo ulijengwa mfereji wa slalomu mwaka 1978. Mwaka uliofuata, katika mji huohuo, Martikán akazaliwa. Mfereji ulimtangulia mtoto, na vyote viwili viliitangulia bendera. Mwalimu wake alikuwa baba yake mzazi. Akina Hochschorner nao, waliozaliwa Bratislava mwaka huohuo wa 1979, walifundishwa na baba yao. Mwaka 1996 ukafunguliwa uwanja mwingine wa maji ya kasi huko Čunovo, karibu na Bratislava, unaolishwa na mto Danubi. Hivyo ujuzi wa wakati wa Chekoslovakia haukutupwa mipaka ilipobadilika. Ulirithiwa kama shamba, ukalimwa. Hata Takuya Haneda wa Japani alihamia Slovakia ili ajifunze huko, na mwaka 2016 alipata shaba, akiwa nyuma ya Mslovakia Matej Beňuš aliyepata fedha. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Nasi tunaongeza kwamba yafaa kwanza awepo mtu aliyeutambua mto kuwa ni shule.

Sasa tulikiri kosa letu. Mwaka 1997 tulikuwa karani kijana katika ofisi moja ya wilaya, kando ya mto mkubwa. Siku moja ililetwa barua kutoka kwa vijana wa kijiji cha kivukoni. Walikuwa wavuvi na wavushaji, waliozaliwa karibu ndani ya mitumbwi. Waliomba kibali cha kufanya mashindano wakati maji yanapopungua na mawe kuonekana, na waliomba kamba na kikombe kimoja cha zawadi. Walieleza kwamba wangesimamisha miti majini, na kila mtumbwi ungepita kati ya miti hiyo pasipo kuigusa. Tulisoma barua yote, kisha tukaandika pembeni kwa wino mwekundu: “Mtumbwi ni chombo cha kazi, si mchezo wala utamaduni. Waelekezwe kwenye mpira.” Mkubwa wetu alitia sahihi bila neno.

Baada ya wiki mbili alikuja mzee mmoja, baba wa mmoja wa vijana wale. Alivua kofia, akakaa kwenye benchi mpaka tulipomwita.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nimefuata majibu ya barua ya watoto.”

Tulimsomea yale maneno. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole, “Na hiyo ngoma inayochezwa ikulu, mwanangu, haikuanza kwa watu kutwanga na kupalilia?”

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia kwamba faili limekwisha kufungwa. Alishukuru, akavaa kofia yake, akaenda zake. Wala hatukujua wakati ule kwamba mwaka uliotangulia tu, mbele ya ulimwengu mzima, kijana wa rika la wanawe alikuwa amepita kati ya fito juu ya maji, na taifa lake likaimbiwa wimbo wake.

Habari hiyo ilitufikia mwaka 2008, tena kwa mlango wa pembeni. Tulikuwa na wenzetu mbele ya televisheni, tumeitwa kwa sababu Mwafrika alikuwa amepata nishani katika mitumbwi. Naye ni Benjamin Boukpeti wa Togo, aliyepata shaba ya kayaki huko Beijing, nishani ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yake. Alivunja kafi lake kwa furaha, nasi tukapiga makofi. Baadaye tulijifunza kwamba alizaliwa na kukulia Ufaransa, na mchezo aliujulia huko. Heshima yake haipungui kwa hilo, lakini neno lile lilitukaa moyoni: jina lilikuwa la Afrika, mto ulikuwa wa ugenini. Kisha tukamwona Martikán mwenyewe, sasa mtu mzima, akitwaa dhahabu yake ya pili. Tulitazama zile fito zikining'inia juu ya povu, na mara tukaikumbuka barua ya kivukoni. Wenzetu walidhani tunanyamaza kwa kuvutiwa na mchezo.

Tangu siku hiyo tumefuatilia habari za Waslovakia kama mtu afuatiliaye habari za jamaa aliyemkosea. Na jambo lililotufunza zaidi si ushindi wao, bali namna walivyoshindwa. Mwaka 2004 Martikán alikosa dhahabu kwa sehemu 12 za mia za sekunde, aliposhindwa na Mfaransa Tony Estanguet. Muda huo ni mfupi kuliko kupepesa jicho. Lakini alirudi mtoni, akangoja miaka minne, akashinda. Mwaka 2012 Estanguet alikuwa wa kwanza tena, na Martikán, mwenye miaka 33, akachukua shaba. Ilikuwa Olimpiki yake ya tano mfululizo kupata nishani. Mwaka 2024 nishani pekee ya Slovakia huko Paris ilikuwa shaba ya Beňuš, katika mtumbwi uleule wa magoti. Dhahabu zimepungua, lakini watoto bado wanashuka majini. Mapokeo ndiyo hayo: kitu kisichokoma siku ambayo hakuna anayepigiwa makofi.

Ndugu msomaji, hatusemi kwamba kila kijiji chenye mto kingezaa bingwa. Mfereji hugharimu fedha, na ubingwa hugharimu maisha ya watu. Tunasema tu kwamba taifa halitambui utamaduni wake kwa kuangalia vitu vilivyokwisha kuwekwa makumbushoni. Hulitambua pia kwa kuangalia mikono ya watu wake ikiwa kazini. Waslovakia walikuwa na mito, kama sisi. Walichotuzidi ni kwamba aliyeleta ombi la fito hakurudishwa.

Miaka kadhaa iliyopita tulipita katika ofisi ile ya zamani, tukaomba kuliona faili. Mchwa walikuwa wamelimaliza. Mzee naye alikuwa amefariki, na wanawe wametawanyika. Hatuna wa kumwomba radhi ila kwa njia ya karatasi hii. Tumebakiwa na miaka michache ya utumishi. Kila barua inayopita mezani kwetu tunaisoma mara mbili, na wino mwekundu tumeuacha. Ikija barua ya watu wa mitumbwi, tumekwisha kulichagua neno la kuandika pembeni. Nalo ni moja tu: “Wasaidiwe.”