Herufi Tatu Kwenye Valizi ya Mama



Wengi kati yetu tuko na mtoto ng'ambo. Siku moja telefone inalia: binti yuko karibu kuzaa, anaomba mama aje kumsaidia. Ndivyo ilivyotufikia sisi. Mdogo wetu anakaa Montreal, huko Kanada, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imefika miezi minane. Mama yetu mzazi alipata viza baada ya kungoja sana, nasi tukapata yetu ya kumsindikiza wakati wa likizo kubwa. Leo tunawaeleza njia ile. Hatujisifu kwamba tulipanda ndege. Tunaieleza kwa sababu kosa letu moja la tiketi lilimtia mama katika hatari, na hatutaki mama mwingine alirudie.

Kosa lilianza nyumbani, siku ya kununua. Kutoka Lubumbashi kwenda Montreal lazima kubadilisha ndege. Tulichagua kupita Addis Ababa, kisha Brussels. Ili kupunguza bei, tulinunua tiketi mbili mbalimbali: ya kwanza kutoka Lubumbashi mpaka Brussels, ya pili ya kampuni nyingine, kutoka Brussels mpaka Montreal. Tuliona tumefanya akili.

Kule kiwanja cha Luano, valizi zetu mbili zilipanda kwenye mizani. Ajenti akazifunga etiketi yenye herufi kubwa tatu: BRU. Kila kiwanja kikubwa cha ndege duniani kina herufi zake tatu. Lubumbashi ni FBM, Addis Ababa ni ADD, Brussels ni BRU, Montreal ni YUL. Etiketi inaonyesha mahali safari ya valizi inapoishia. Ajenti alitwambia, "Mizigo yenu mtaichukua Brussels." Tukajibu ndiyo, tukaenda zetu. Hatukujiuliza tutaichukua namna gani.

Tulifika Addis usiku. Mji ule uko juu sana, zaidi ya metre 2.000, na baridi yake inaingia mpaka kwenye mifupa. Kitambala cha mama kilisaidia. Pale hatukuombwa viza, kwa kuwa hatukutoka nje ya kiwanja. Tulifuata alama za transiti, tukapitisha mikoba kwenye mashine mara nyingine, na chupa ya maji ya mama ikatupwa. Mama akauliza, "Na valizi zetu, ni nani anazibeba?" Tukamweleza kwamba wafanyakazi wanazitoa ndege moja na kuzitia nyingine, kwa sababu ziko kwenye tiketi moja mpaka Brussels. Akatikisa kichwa, hakusadiki sana.

Jambo moja la Addis mlijue. Waetiopia wanahesabu saa kama katika Kiswahili: asubuhi jua likitoka, saa moja inakaribia. Lakini tiketi na ubao wa kiwanja vinaandika saa za kizungu. Mtu akikwambia saa kwa mdomo, angalia tena kwenye ubao. Tena saa inayoandikwa kwenye tiketi ni ya mji ule ndege inapoondokea au inapofikia, si ya nyumbani kwako.

Shida ilitungojea Brussels. Sisi Wakongomani tuko kati ya mataifa machache ambayo nchi za Schengen zinaomba viza ya transiti, hata kama mtu anabadilisha ndege tu bila kutoka nje ya kiwanja. Anayeshika viza ya Kanada, ya Marekani au ya Schengen yenyewe, ambayo bado inatumika, anaachiliwa sheria hiyo. Kwa hiyo viza yetu ya Kanada ilitupitisha. Lakini ruhusa ile ni ya kukaa ndani tu, upande wa transiti. Valizi zenye etiketi ya BRU zinatoka upande mwingine, nyuma ya polisi wa mpaka. Ili kuzifikia, ilitupasa kuingia Ubelgiji, na viza ya kuingia Ubelgiji hatukuwa nayo.

Tulikuwa na saa nne. Tukaenda kwenye meza ya transiti, tukaonyesha vipande vya etiketi vilivyobandikwa kwenye tiketi zetu. Mfanyakazi mmoja alipiga telefone huku na huku, akatwambia atajaribu. Tukakaa. Saa ya kupanda ikafika, valizi hazikuonekana. Tukapanda bila kitu.

Ndege ilipokwisha kuruka, mama akatugeukia. "Mwanangu, dawa yangu ya presha iko wapi?"

Ilikuwa ndani ya valizi. Karatasi ya munganga pia.

Wamama, mpaka Montreal ni karibu saa nane za kuruka juu ya bahari. Hatukulala. Tulimwangalia mama akipumua, tukajilaumu: sisi tunaofundisha watoto wa watu kusoma, tulisoma BRU tusielewe. Kesho yake kichwa kilimuuma sana. Kule hawauzi dawa ya namna hiyo bila karatasi ya munganga, basi tukampeleka kwenye kliniki. Presha ilikuwa imepanda. Munganga alimwandikia dawa nyingine, na tulilipa pesa nyingi kupita ile tuliyookoa kwenye tiketi. Mama akapona, Mungu asifiwe.

Siku ya nne mtoto akazaliwa, msichana. Kitenge ambacho mama alikichagua cha kumfungia mjukuu wake kilikuwa bado Ulaya. Kila kampuni tuliyoipigia ilisema mizigo hiyo si yake tena, kwa kuwa tiketi zilikuwa mbili. Valizi zilifika siku ya tisa, nasi tukalipia kuzituma.

Likizo ilikaribia kwisha, na masomo yalitungoja. Sisi tungerudi mwisho wa mwezi wa nane na mkoba wa mkononi tu, lakini mama alibaki miezi miwili zaidi na mtoto. Hofu yetu ikawa hii: atarudi peke yake, na mama hakusoma. Tukamnunulia tiketi moja kutoka Montreal mpaka Lubumbashi, tukaomba kampuni imwekee mtu wa kumsindikiza kutoka ndege moja mpaka nyingine. Msaada huo upo kwa wazee na wagonjwa, unaombwa mbele, si siku ya safari. Kisha jioni tatu tulikaa naye kwenye meza ya jikoni, tukaandika kwa kalamu kubwa: F kama familia, B kama baba, M kama mama. Tukamwambia, "Mama, usipoziona herufi hizi tatu kwenye etiketi, usiondoke kwenye mizani."

Mdogo wetu alitueleza kilichotokea siku ile. Ajenti alipofunga etiketi, mama aliinama, akapitisha kidole juu ya herufi polepole, watu wengine wakimngoja nyuma. Kisha akasema, "Ni sawa, hii inaenda kwangu." Sisi tulimpokea Luano. Valizi zote mbili zilitoka, naye alizijua mbele yetu.

Ukiwa na safari, au ukiwa unamtuma mama yako, kumbuka haya:

1. Nunua tiketi moja mpaka mwisho wa safari, hata ikizidi bei kidogo. Ukiwa na tiketi mbili, hesabu kwamba utachukua mizigo katikati na kuiandikisha upya, na kwa hiyo utahitaji viza ya kuingia nchi ile.

2. Mbele ya kulipa, uliza kampuni au ubalozi juu ya kila nchi utakayopita, usiulize tu ile unayoendea. Uingereza nayo ina sheria yake ya transiti kwa paspoti yetu. Marekani inaomba viza hata kwa kupita tu, na kwa kawaida mizigo inachukuliwa kwenye kiwanja cha kwanza cha kuingilia, hata kama etiketi inaonyesha mji mwingine wa mbele.

3. Kwenye mizani, soma herufi tatu za etiketi. Uliza wazi: "Valizi yangu nitaichukulia wapi?" Chunga kile kipande kidogo mpaka nyumbani, na piga picha ya valizi.

4. Mkononi weka dawa za siku kadhaa pamoja na karatasi ya munganga, karti ya manjano ya chanjo, anwani na namba ya telefone ya anayekupokea, nguo moja ya kubadilisha na kitambala cha baridi. Maji na mafuta yanayopita mililita 100 yasikae mkononi.

5. Valizi ikikosekana, usitoke kiwanjani bila kuandikisha na kupewa karatasi yenye namba. Ikiwa imeharibika, andikia kampuni katika siku 7.

6. Kama mama hajui kusoma, mfundishe herufi tatu za nyumbani. Jioni tatu zinatosha.

Siku hizi mama anakaa na daftari ya mjukuu wake mwingine, anatafuta F, B na M katika kila ukurasa. Juzi alituuliza herufi inayofuata ni gani.